Anza na Kioo, Anza na Ukuta: Kununua Vifaa vya Kompyuta ya Gemu Ukiwa Kidodi

Fungu la pesa likiwa na mwisho, kila kifaa unachonunua kinakula fungu la mwenzake. Ugumu wote wa kuunda kompyuta kali ya gemu umekaa hapo. Mwenye pesa zisizohesabika hahitaji mwongozo. Anachukua cha juu katika kila rafu na kwenda zake. Wewe uliyeuza miwa ya msimu, au uliyedunduliza mshahara wa kiwandani Ruembe mwezi hadi mwezi, una kiasi kimoja kichwani, tuseme milioni 6, na kikiisha kimeisha. Ninachotaka kukushawishi ni hiki: ununuzi uanzie kwenye ncha mbili, kioo unachokitazama na soketi ya ukutani, halafu ncha hizo mbili ndizo zikuambie kadi ya michoro ipi, prosesa ipi na vingine vyote vinavyokaa katikati. Wengi huanza katikati. Wanaipenda kadi fulani kwa sifa zake, wanaimwagia nusu ya fungu, kisha wanatafuta vya kuizunguka kwa chenji iliyobaki. Hapo ndipo pesa nyingi hupotelea, na kwa mtu aliyeko Kidodi hasara hiyo ni kubwa kuliko kwa aliyeko Dar es Salaam, kwa sababu nitakazozieleza.

Kioo kwanza, maana hesabu yake haina ubishi. Picha unayoiona imejengwa kwa nukta ndogo ndogo zinazoitwa pikseli. Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Cha 2560 kwa 1440 kina 3,686,400. Kile cha 4K, yaani 3840 kwa 2160, kina 8,294,400, mara nne kamili ya cha kwanza. Kadi ya michoro huzichora pikseli hizo zote upya katika kila fremu, na ukitaka fremu 100 kwa sekunde, inazichora mara 100 ndani ya sekunde hiyo. Aliyechagua kioo cha 4K, hata kama hakujua, amekwisha kujitwisha kadi ya bei ya juu kabisa, na milioni 6 hazimfikishi huko. Aliyefanya kinyume, akanunua kadi kali na kuiunganisha na monita ya ofisini ya hezi 60, naye ameumia: kadi inatoa fremu 140, kioo kinaonyesha 60 kwa sekunde, na zile 80 zilizobaki amezilipia bila kuziona. Kwa fungu la kiasi hiki, jibu langu ni monita ya inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, hezi kati ya 144 na 180, yenye uwezo wa kulinganisha mwendo wake na wa kadi, ule ambao AMD huuita FreeSync. Uwezo huo si pambo. Kadi ikishuka kutoka fremu 110 hadi 75 katikati ya mapigano mazito, kioo kinashuka nayo na jicho halioni picha ikikatika.

Utaambiwa kwamba mchezaji wa kweli anahitaji hezi 360. Kwa gemu za ushindani zinazochezwa na wenye intaneti ya waya jirani na seva, hoja hiyo ina uzito. Kidodi wengi huingia mtandaoni kwa laini ya simu, na seva za gemu nyingi kubwa ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini. Ujumbe unaokwenda na kurudi umbali huo hutumia makumi ya milisekunde, mara nyingine zaidi ya mia. Tofauti kati ya hezi 165 na 360 haifiki milisekunde 4 kwa fremu moja. Kulipia milisekunde 4 kwenye kioo wakati 150 zimelala njiani ni kuziba tundu la sindano kwenye ndoo isiyo na kitako.

Sasa ukuta. Hapa kuna pingamizi ambalo mtu wa Kidodi ana haki ya kulitoa: sisi ni majirani wa Kidatu, umeme unazalishwa hapo mbele yetu, kwa nini tuuogope? Kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha mwaka 1975 na chenye uwezo wa megawati 204, hakikuuzii wewe umeme moja kwa moja. Umeme wake hupandishwa hadi kilovolti 220 na kuingia katika gridi ya taifa kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Unaokufikia wewe umeshuka tena hatua kwa hatua, umepita kwenye transfoma ya kijiji, nguzo, waya mrefu na majirani wote walio mbele yako kwenye waya huo. Ubora wa soketi yako unaamuliwa na mita mia chache za mwisho, na bwawa halina la kusema hapo. Mwenye nyumba mwishoni mwa laini iliyojaa mashine za kukoboa mpunga na za kuchomelea anaweza kuishi mwendo wa dakika chache kutoka kwenye mitambo na bado taa yake ikafifia kila jioni. Gridi yenyewe nayo huyumba. Aprili 2024, wiki chache tu baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji kuanza kazi, hitilafu moja ilizima umeme karibu nchi nzima.

Kwa hiyo, kabla hujapeleka shilingi dukani, pima. Multimita ya bei ndogo inatosha. Chomeka asubuhi, mchana, na saa mbili usiku watu wakiwa wanapika na kutazama televisheni. Fanya hivyo wiki nzima na uandike namba. Kiwango cha nchi yetu ni volti 230. Sababu ya kujali ni hii: pawa saplai nzuri huvuta wati zile zile hata volti zikishuka, na ili kufidia huongeza ampea. Wati 460 kwa volti 230 ni ampea 2. Volti zikianguka hadi 160, wati hizo hizo zinadai karibu ampea 2.9, na kwa kuwa joto ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha ampea, waya na viungio vinapata joto takriban mara mbili. Kompyuta haizimi wala hailalamiki. Inachakaa kimya kimya, na siku ikifa fundi atakwambia ni bahati mbaya.

Ulinzi wake una ngazi tatu, na zote zitoke kwenye fungu lile lile la milioni 6. Ya kwanza ni ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la ethi halijaunganishwa na chochote. Mwite fundi umeme akague fimbo yake na aifunge upya kama imeliwa na kutu. Bila ethi, kinga za radi unazonunua hazina pa kuutupa umeme wa ziada, na masika ya bonde hili chini ya milima ya Vidunda hayaji bila radi. Ya pili ni kifaa cha kukata umeme volti zikipanda au kushuka kupita kiasi, kile ambacho kila duka la vifaa vya umeme hukiita friji gadi. Ya tatu ni UPS, na hapa soma namba kwa makini. UPS ndogo iliyoandikwa 650 VA huwa haitoi hata wati 400. Kompyuta ninayoipendekeza, pamoja na monita yake, huvuta wati 350 hadi 430 ikiwa kazini, kwa hiyo tafuta ya 1,000 VA kwenda juu, na ikiwezekana 1,500, inayotoa mawimbi safi ya umeme. Zile za bei ya chini hutoa mawimbi ya ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hugoma au kuzima zinapolishwa umeme wa namna hiyo. UPS haikupi saa ya kucheza. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, na kwenye sehemu yenye joto betri yake itachoka mapema, kwa sababu betri za risasi hupoteza takriban nusu ya maisha kwa kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi 25. Iweke sakafuni mbali na dirisha la jua, na uhesabu betri mpya baada ya miaka miwili au mitatu kama gharama ya kawaida.

Nyuma ya UPS kuna pawa saplai, na ndicho kifaa ambacho watu hukibania kuliko vyote kwa sababu hakionekani kwenye gemu. Kanuni za utengenezaji wake zinataka iweze kushikilia umeme ndani ya kompyuta kwa milisekunde 16 hivi baada ya umeme wa ukutani kukatika. UPS ya kawaida huchukua milisekunde kati ya 4 na 10 kuhamia kwenye betri. Pawa saplai iliyotengenezwa kwa uaminifu huvuka pengo hilo bila wewe kujua. Ya bei ya kutupa, yenye kapasita ndogo kuliko ilivyoandikwa, inazima, na UPS uliyoinunua inakuwa pambo. Nunua ya wati 650 hadi 750 yenye alama ya 80 PLUS Gold kutoka kwa mtengenezaji anayetoa udhamini wa miaka 7 au 10. Gold maana yake ni kwamba ikibeba nusu ya uwezo wake, asilimia 90 au zaidi ya umeme inaoutoa ukutani inafika kwenye vifaa badala ya kugeuka joto. Ukikutana na ya zamani yenye swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo italipuka papo hapo.

Ukuta una upande mwingine pia, LUKU. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na anayevuka wastani huo huhamishiwa kundi la shilingi 292. Kompyuta ya wati 400 ikichezwa saa 4 kila siku inatumia uniti 48 kwa mwezi. Nyumba yenye friji, televisheni na taa iliyokuwa ikitumia uniti 50 sasa inafika 98, na siyo uniti za gemu pekee zinazopanda bei: uniti zote za nyumba zinahamia 292. Kama gharama ya umeme mnachangia na wapangaji wenzako au mzazi ndiye mlipaji, jambo hilo lisemwe mezani kabla kompyuta haijaingia ndani. Ni sababu nzuri pia ya kuthamini kadi inayotoa fremu nyingi kwa wati chache.

Anayeniona nimechelewa kuitaja kadi atasema: kadi kwanza, monita na pawa saplai nzuri zitakuja baadaye. Ni pingamizi la nguvu kuliko yote, na linajibiwa na kalenda. NVIDIA ilitoa kizazi cha RTX 30 mwaka 2020, cha 40 mwaka 2022, cha 50 mwanzoni mwa 2025. Kila miaka miwili hivi kadi yako inazeeka kwa hatua moja na bei yake ya kuuza inashuka. Katika muda huo monita nzuri haijapoteza kitu, na pawa saplai bado iko ndani ya udhamini. Kadi ndicho kifaa rahisi kuliko vyote kubadilisha, skrubu mbili na waya mmoja au miwili. Ndicho kinachozeeka haraka. Na ndicho hasara kubwa kuliko zote kikifa kwa umeme mbaya. Kukinunua kwa kujinyima vile vinavyodumu na vinavyokilinda ni sawa na kumwaga mbegu bora shambani kabla ya kufyeka. La “baadaye” nalo lipimwe kwa ukweli. Malipo ya miwa huja kwa msimu, na shida za nyumbani haziji kwa msimu.

Basi ncha mbili zikishafungwa, kadi inajitokeza yenyewe. Kioo cha 1440 kinataka kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12 kwenda juu, kwa maana gemu mpya kadhaa tayari zinazidi 8 kwa ukubwa huo wa picha na zikizidi huanza kukwama. Ukuta unataka isiyozidi wati 250. Yanayobaki ni majina machache. RTX 5070, iliyotoka Machi 2025, ina gigabaiti 12 na wati 250. Radeon RX 9070 ya mwezi huo huo ina gigabaiti 16 na wati 220. Zote mbili zilitangazwa kwa dola 549. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni 1,372,500. Ongeza VAT ya asilimia 18 na inafika karibu 1,620,000 kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Milioni 2 dukani si ajabu, na hiyo ni theluthi moja ya fungu, kiasi ambacho nakitetea. Kati ya hizo mbili ningechukua RX 9070 kwa sababu ya gigabaiti zake na wati zake, isipokuwa kama unafanya pia kazi za video au za michoro zinazotegemea programu za NVIDIA. RTX 5090 yenye wati 575 na bei ya kutangazwa ya dola 1,999 ni kadi ya ajabu, na haina kazi katika chumba chenye bati juu na LUKU ukutani.

Fungu lililobaki, chini kidogo ya theluthi, linabeba prosesa, mazabodi, RAM, SSD, keisi na feni, na hapa usijipe presha. Kadiri picha inavyokuwa kubwa ndivyo mzigo unavyoelekea kwenye kadi na kuiacha prosesa ikipumua, kwa hiyo Ryzen 5 7600, yenye viini 6 na wati 65 na inayokuja na kipoza chake kwenye boksi, inatosha kabisa kwa kioo cha hezi 165. Ryzen 7 7800X3D ina kasi zaidi, ni kweli, lakini tofauti yake utaiona sana kwenye kioo cha 1080 na kidogo kwenye cha 1440. Uzuri ni kwamba zote hukaa kwenye soketi ile ile ya AM5, hivyo mazabodi ya kawaida unayonunua leo itaipokea prosesa kali zaidi miaka mitatu baadaye, itakapouzwa mtumba. RAM ndiyo iliyoharibu bajeti za wengi: tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda sana duniani, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili unde. Lengo ni gigabaiti 32. Bei ikikukaba, anza na 16 za vipande viwili, usichukue kipande kimoja, kwani viwili hufanya kazi kwa njia mbili sambamba. Ukishaifunga, ingia kwenye mipangilio ya mazabodi na uwashe EXPO, maana bila hivyo RAM hutembea kwa mwendo wa chini kuliko uliolipia. SSD iwe ya terabaiti 1 au zaidi. Red Dead Redemption 2 peke yake hudai gigabaiti 150, na kuipakua kwa bando la simu ni gharama inayoweza kushinda bei ya gemu yenyewe. Nunua na diski ya nje, uwe unabeba gemu kutoka mahali penye intaneti ya waya, Morogoro au Dar es Salaam, kila unaposafiri.

Keisi nimeitenga kwa makusudi. Bonde hili lina joto, na lina kitu ambacho wahakiki wa vifaa wa Ulaya na Marekani hawajawahi kukifikiria: masizi ya miwa. Masika yakiisha na kiwanda kikianza kusaga, mashamba huchomwa moto kabla ya kuvunwa, na majivu meusi mepesi hutua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria, na kwenye kila feni inayovuta hewa. Usinunue keisi yenye kioo mbele, hata kama taa zake zinapendeza. Chukua yenye uso wa wavu na chujio linalotoka kwa mkono, weka feni tatu za kuingiza hewa na moja ya kutoa, ili hewa ndani izidi ya nje na masizi yasiingilie kwenye nyufa. Wakati wa uchomaji osha chujio kila wiki. Joto la kadi hupanda sambamba na la chumba: inayofika nyuzi 65 katika chumba cha nyuzi 22 itakuwa karibu 76 katika chumba cha nyuzi 33. Hiyo bado ni salama, lakini hakuna nafasi ya kuachia vumbi. Kama mchana ni mkali mno, shusha ukomo wa wati za kadi hadi asilimia 80 au 85 kwenye programu yake; fremu zinazopotea ni chache, joto na LUKU vinapungua waziwazi. Kipoza cha maji kiepuke. Pampu yake ikifa Kidodi utaisubiri nyingine kwa muda mrefu, na feni utaipata hata kwa fundi wa Mikumi.

Kuna watakaokuambia ununue laptopu, kwa kuwa betri yake tayari ni UPS. Wana hoja, na kama wewe ni kibarua wa msimu au mwanafunzi anayehamahama, wafuate. Lakini jua unachonunua. RTX 4070 ya mezani ina gigabaiti 12 na wati 200. Ya laptopu, yenye jina lile lile, ina gigabaiti 8, wati chache zaidi na chipu nyingine ndogo. Ndani ya boksi jembamba lenye masizi na joto la bondeni itapunguza mwendo kujiokoa, na siku kadi ikifa imekufa na kompyuta nzima. Watakaokushauri PlayStation 5 nao wasikilizwe. Ukiwa unacheza mpira tu na marafiki sebuleni, nunua hiyo, utabakiwa na pesa nyingi. Kompyuta inastahili milioni 6 kama itafanya na kazi nyingine: video za harusi, usanifu, masomo, programu.

Mtumba unastahili aya yake. Mnara wa ofisi wa Dell au HP kutoka Ulaya huonekana msingi wa bei nafuu, lakini pawa saplai yake mara nyingi ni ndogo na ina plagi za kampuni husika, kwa hiyo hutaweza kuibadilisha kwa ya kawaida, na kadi ya wati 220 haitapata mahali pa kunywea. Kadi za mtumba nazo zina historia. Baada ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kutumia kadi mnamo Septemba 2022, zilizochoka zilimwagika sokoni, na kabla ya hapo kulikuwa na kadi kuukuu zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kadi ya mtumba naikubali kwa masharti: iwashwe mbele yako, programu ya GPU-Z isome jina na kumbukumbu zake, na ichezeshwe gemu nzito nusu saa bila kuzima. Monita ya mtumba naikubali pia ukikagua doti zilizokufa kwa kuweka picha nyeupe na nyeusi. Pawa saplai na UPS za mtumba sizikubali kwa bei yoyote.

Kwa jumla basi, katika milioni 6, ningeweka laki 9 kwenye monita, milioni 1 na kitu kwenye UPS, friji gadi, ethi na pawa saplai, milioni 2 kwenye kadi, milioni 1 na laki 7 au zaidi kidogo kwenye vilivyobaki, na laki 3 zisizoguswa kwa nauli, usafirishaji na kile kitakachosahaulika, kwa sababu kitakuwepo. Bei zikiwa zimepanda siku unapofika Kariakoo, punguza kwenye prosesa na RAM, kisha kwenye kadi. Laki 9 za kioo na milioni ya umeme zisimame palepale. Dai risiti ya EFD yenye namba ya kila kifaa, kwa kuwa udhamini wa miaka 10 usio na risiti haudaiwi popote.

Usikubali kufungiwa kompyuta nzima dukani na kuipandisha basi ikiwa imekamilika. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni takriban kilomita 300, na karibu 50 za mwisho zinakatiza Hifadhi ya Mikumi penye matuta ya kuwalinda wanyama; kadi inayokaribia kilo moja na nusu, iliyoning'inia kwenye mazabodi, inaweza kuing'oa nafasi yake kabla hujaona kona ya kuingilia barabara ya Kidatu. Iwashwe dukani, ithibitishwe, kisha kadi ichomolewe na irudi kwenye boksi lake, na boksi hilo pamoja na monita uvibebe mwenyewe. Treni ya SGR inayokwenda Morogoro tangu 2024 inafupisha sehemu ya mitikisiko. Ukifika, iache mizigo usiku mzima ipoe kabla ya kufunga, na wiki mbili za kwanza icheze sana, hasa saa mbili usiku laini ikiwa imeelemewa, huku ukitazama UPS inaonyesha volti ngapi na inahamia kwenye betri mara ngapi. Ukizikuta zinaanguka chini ya 200 kila jioni, chukua daftari lako la namba uende ofisi ya TANESCO kuulizia transfoma ya mtaa wenu, na uwachukue majirani, kwa sababu friji zao ziko kwenye waya huo huo.